Pumzi Inayokatika Usingizini na Saratani: Namba Iliyoanza Kubwa Ikanywea

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakiongozwa na F. Javier Nieto, walitoa matokeo yaliyowashtua hata madaktari wa usingizi wenyewe. Walikuwa wamefuatilia maisha ya watu 1,522 kwa miaka 22, tangu usiku ule walipolala maabara wakapimwa namna wanavyopumua, na wakakuta kwamba wale ambao pumzi ilikuwa ikiwakatika kwa kiwango kikali walikuwa katika hatari ya kufa kwa saratani mara 4.8 ya wale waliopumua vizuri, hata baada ya hesabu kuzingatia umri, jinsia, uzito na uvutaji wa sigara. Namba hiyo, karibu mara tano, ndiyo iliyosafiri, na hadi leo ndiyo inayotajwa kila mtu anapotaka kuwatisha wanaokoroma. Jambo ambalo husimuliwa mara chache ni yaliyoipata namba hiyo katika miaka iliyofuata. Nataka kuyafuata hapa, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba pumzi humkatika usingizini ana haki ya kujua aogope nini, na kwa kiasi gani.

Tatizo lenyewe, ambalo kitaalamu huitwa apnea ya usingizi, si kukoroma tu. Wapo wengi wanaokoroma usiku kucha na hewa yao ikapita bila shida. Mwenye apnea, anapozama usingizini, misuli ya koo hulegea kupita kiasi, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikajiziba. Kifua huendelea kuhangaika kupanda na kushuka, lakini hakuna hewa inayoingia. Ukimvalisha kidoleni kile kibanio cha kupimia oksijeni utaiona namba ikishuka, tuseme kutoka asilimia 96 hadi 91, hadi 85, huku chumba kikiwa kimya kabisa. Kisha ubongo hushtuka, koo likafunguka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama wa mtu anayeibuka majini, na namba ikapanda tena. Mwenyewe hakumbuki kitu asubuhi. Anayekumbuka ni mkewe, aliyekaa akisubiri pumzi irudi. Madaktari huhesabu matukio haya kwa saa, kila moja likiwa la sekunde 10 au zaidi: kuanzia matano kwa saa huanza kuitwa ugonjwa, na yakifika 30 huitwa ugonjwa mkali. Mtu wa daraja hilo akilala saa saba amekatika pumzi zaidi ya mara 200.

Sasa turudi kwenye ile 4.8. Katika watu wote 1,522 wa Wisconsin, waliokufa kwa saratani katika miaka hiyo 22 walikuwa 50, na kati ya hao ni wachache tu waliokuwa na apnea kali. Hesabu inayosimama juu ya vifo vichache namna hiyo huyumba sana, na watafiti wenyewe hawakuficha: walieleza kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya mara 1.7 na mara 13.2. Kwa lugha nyingine, data hiyo hiyo inakubali kwamba hatari haifiki hata mara mbili, na inakubali pia kwamba ni ya kutisha. Anayechukua namba ya katikati na kuacha mipaka yake amechukua nusu ya habari. Baadaye watafiti wa Busselton, mji mdogo wa Australia Magharibi, walitoa matokeo yanayoelekea upande huo huo baada ya miaka 20 ya ufuatiliaji, lakini nao walikuwa na watu wasiofika 400.

Tafiti zilipokua, namba ilianza kunywea. Mwaka 2014 Tetyana Kendzerska na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 10,000 waliopimwa katika kliniki moja ya usingizi, na walipoondoa athari ya umri, uzito, sigara na mambo mengine, ukali wa apnea haukuonyesha uhusiano wa wazi na kuugua saratani. Miaka michache baadaye timu hiyo ilirudi na data pana zaidi ya jimbo la Ontario, karibu watu 34,000, na safari hii uhusiano ulionekana, ila sasa ulikuwa mwembamba: ongezeko la hatari la asilimia 15 kwa wenye apnea kali. Linganisha na Wisconsin, ambako ongezeko lilikuwa la asilimia 380. Ni kweli kwamba Wisconsin ilihesabu vifo na Ontario ikahesabu waliougua, kwa hiyo si kitu kile kile kabisa, lakini mwelekeo unaonekana.

Ongezeko la asilimia 15 maana yake nini kwa mtu mmoja? Tuseme katika watu 100 wa umri fulani, saba wangepata saratani ndani ya kipindi fulani hata wangelala kama watoto. Ongeza asilimia 15 juu ya saba, utapata nane. Waliobaki, 92, hawaguswi. Hata hivyo nisieleweke kwamba nalidharau ongezeko hilo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana apnea ya kiwango fulani, na milioni 425 kati yao wana ile ya kati au kali. Hatari ndogo ikitandazwa juu ya umati kama huo huzaa wagonjwa wengi, na ndiyo maana swali hili linastahili kuulizwa kwa uzito, mradi lisiulizwe kwa kelele.

Kuna jambo jingine ndani ya tafiti hizi ambalo mimi naliona ndilo kiini cha suala zima. Mara kwa mara, idadi ya pumzi zilizokatika si kipimo kinachoendana vizuri na saratani. Kinachoendana nayo ni muda ambao damu ilikaa na oksijeni pungufu. Huko Wisconsin kwenyewe, watafiti walipoacha kuhesabu matukio na badala yake wakaangalia sehemu ya usingizi ambayo oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 90, uhusiano uliongezeka nguvu. Mwaka uliofuata, Francisco Campos-Rodriguez na wenzake walikusanya wagonjwa 4,910 kutoka hospitali saba za Hispania, na huko nako muda wa oksijeni pungufu ndio uliofungamana na kuugua saratani, hasa kwa wanaume na kwa walio chini ya miaka 65. Magharibi mwa Ufaransa, katika utafiti wa mwaka 2020 wenye wagonjwa karibu 8,750, hali ikawa ile ile. Hata Ontario, ile asilimia 15 ilipanda hadi kama 30 walipoangaliwa walioishiwa oksijeni.

Watu wawili wanaweza kwenda nyumbani na cheti chenye namba moja, matukio 30 kwa saa, kumbe mmoja oksijeni yake hugusa 92 na kurudi, na mwingine hushuka hadi 75 na kukaa huko. Kuwaweka hawa katika kapu moja na kuuliza kama "apnea huleta saratani" ni kuuliza swali lisilo na jibu. Ikiwa kuna kitu kinachodhuru, basi kinachotuhumiwa ni ukosefu wa oksijeni unaokuja na kuondoka usiku kucha.

Tuhuma hiyo ina msingi wa kibayolojia. Seli zikikosa oksijeni, hujikusanyia kwa wingi protini inayoitwa HIF-1, ambayo kwa kawaida huvunjwa upesi, nayo huamuru mwili uote mishipa mipya ya damu na kubadili namna seli zinavyotumia chakula. Utaratibu huo ndio uliowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Kwa mtu mzima wa afya ni njia ya kujiokoa. Kwa uvimbe wa saratani, ambao daima una njaa ya damu, ni fadhila. Huko Barcelona, Isaac Almendros na Ramon Farré waliwapandikiza panya seli za melanoma, saratani kali ya ngozi, kisha wakawaweka katika sanduku ambalo hewa yake ilikuwa ikibadilishwa: sekunde 20 oksijeni ya asilimia 5, sekunde 40 hewa ya kawaida, saa sita kila siku. Uvimbe wa panya hao ulikua haraka kuliko wa wenzao waliovuta hewa ya kawaida muda wote.

Wengi huishia hapo, na ni makosa, kwa sababu watafiti hao hao walirudia jaribio kwa panya wembamba na panya wanene. Kwa wembamba, kukosa oksijeni kuliukuza uvimbe. Kwa wanene, uvimbe ulikua sana hata kwa waliovuta hewa ya kawaida, na kuwanyima oksijeni hakukuongeza kitu cha maana. Tukumbuke pia kwamba oksijeni ya asilimia 5 ni chini ya robo ya ile tunayoivuta kila siku, kwamba panya alipandikizwa seli zilizokwisha kuwa saratani, na kwamba kukuza uvimbe uliopo ni habari tofauti na kuuanzisha. Kwa hiyo jaribio hilo linaonyesha jinsi jambo linavyoweza kutokea. Halionyeshi kwamba limetokea kwa dereva wa lori mwenye miaka 50 na kitambi.

Kitambi, kwa hakika, ndicho kinachoifanya kesi hii iwe ngumu kuamua. Unene ni chanzo kikubwa cha apnea, maana mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa. Unene huo huo, kwa tathmini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, iliyotolewa mwaka 2016, una uhusiano na aina 13 za saratani, zikiwemo za figo, kongosho, utumbo mpana na matiti baada ya kukoma hedhi. Watafiti hujaribu kuuondoa unene katika hesabu kwa kutumia uwiano wa uzito na urefu, lakini uwiano huo hautofautishi mafuta ya tumboni na misuli ya mapajani, na mafuta ya tumboni ndiyo mabaya. Sehemu ya kosa la kitambi hubaki na kuandikwa kwa jina la apnea.

Na sigara? Hapa lile jambo nililoliita kiini linapata doa ambalo sioni haki kulinyamazia. Mtu aliyevuta sigara miaka 30 huharibika mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushusha oksijeni ya usiku hata kama koo halijaziba mara moja. Muda mrefu chini ya asilimia 90 unaweza basi kuwa alama ya mapafu mabovu na miaka mingi ya moshi, na kila mtu anajua moshi huleta saratani gani. Tafiti nzuri huuliza habari za sigara, lakini nyingi huuliza tu kama mtu anavuta au aliacha, si pakiti ngapi kwa miaka mingapi.

Aina ya saratani na jinsia ya mgonjwa navyo vina vituko vyake. Kundi moja la watafiti, akiwemo David Gozal, lilichambua kumbukumbu za bima za Wamarekani milioni 5.6, likakuta kwamba kwa saratani zote zikijumlishwa pamoja, wenye apnea hawakuwa na hatari zaidi. Zilipotenganishwa, melanoma na saratani za figo na kongosho zilikuwa nyingi kwao, ilhali saratani za matiti, tezi dume na utumbo mpana zilikuwa chache. Je, tuseme apnea hukinga dhidi ya saratani ya matiti? Hakuna anayethubutu. Wakati huo huo, kumbukumbu za vituo vya usingizi vya Ulaya, zenye watu zaidi ya 19,000, ziliwaonyesha wanawake ndio wenye uhusiano wenye nguvu zaidi, ingawa Hispania ilikuwa imewataja wanaume. Mambo yakipingana hivi, mara nyingi ni kwa sababu kila kundi lilipimwa kwa njia yake, na kwa sababu neno saratani limebeba magonjwa mengi yasiyo na undugu. Kuyajumlisha yote katika namba moja ni rahisi kwa mtafiti, lakini kunamficha msomaji mengi.

Njia ya kumaliza ubishi ingekuwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapewe tiba na nusu wasipewe, kisha wahesabiwe wanaougua. Tiba ipo: ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa shinikizo kupitia barakoa ili koo lisijifunge, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1980. Lakini saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, na kumnyima mgonjwa mkali tiba kwa miaka yote hiyo si uungwana. Tena mashine haipendwi. Katika jaribio kubwa la SAVE la mwaka 2016, lililohusu watu 2,717 wenye apnea na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, waliopewa mashine waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Jaribio hilo lina funzo jingine. Kabla yake, tafiti za kufuatilia watu zilikuwa zimeonyesha uhusiano wenye nguvu kati ya apnea na moyo, wenye nguvu kuliko huu wa saratani, na wengi waliamini mashine ingepunguza mishtuko ya moyo na kiharusi. Haikupunguza. Baadhi walisema ni kwa sababu ya zile saa chache, na huenda ni kweli, lakini anayetaka kuahidi kwamba CPAP itamkinga mtu na saratani aanze kwanza kwa kueleza kilichoikuta ahadi ya moyo.

Wapo wanaouliza kinyume chake, kwamba labda mashine yenyewe ndiyo inayoleta saratani. Swali hili halikuzuka hewani. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zake yarudishwe, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa na ingeweza kutoa chembechembe na kemikali za kudhuru, baadhi zikihofiwa kuchochea saratani. Watafiti wa Ontario walilinganisha watu waliokuwa wakitumia mashine za kampuni hiyo na waliotumia za kampuni nyingine, na hawakuona tofauti katika kuugua saratani. Aliyeacha kabisa tiba kwa hofu hiyo, badala ya kubadilisha mashine, alirudia kusinzia mchana na shinikizo la damu, mambo ambayo madhara yake hayabishaniwi.

Tafiti za apnea na saratani nilizozitaja zote zimetoka Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, na sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kulizingatia hilo kabla ya kuhamisha namba. Saratani zinazojaza wodi zetu hazifanani na zao. Tanzania, inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi, na chanzo chake ni virusi vya HPV ambavyo chanjo yake ipo: Rwanda ilianza kuitoa kwa wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Saratani ya ini hutokana sana na homa ya ini aina ya B, nayo ina chanjo. Kichocho cha mkojo, kilichowasumbua watu wa Unguja na Pemba kwa vizazi, ni kisababishi kilichothibitishwa cha saratani ya kibofu. Mbele ya hayo, kumpeleka mtu akapimwe usingizi kwa ajili ya kuogopa saratani ni kuruka mstari. Lakini kumpeleka kwa sababu anasinzia akiwa kwenye usukani wa basi la mikoani, au kwa sababu presha yake haishuki kwa dawa tatu, ni jambo ambalo kliniki zetu hazilifanyi vya kutosha, na unene unaoongezeka mijini utazidi kulidai. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa presha kama anakoroma bado ni wa kutafuta.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, kwa ajili ya apnea ya kati na kali kwa watu wanene. Dawa hiyo hupunguza mwili na hupunguza pia pumzi zinazokatika. Ikija kuonekana baada ya miaka kumi kwamba wanaoitumia wanaugua saratani kwa uchache, uzito ndio utakaodai sifa kwanza, na haki yake, kwa hiyo swali letu litabaki pale pale lilipo. Nafasi yangu mimi, kwa ushahidi uliopo leo, ni kwamba kukosa oksijeni usiku kwa muda mrefu kunaweza kuwa na mchango mdogo katika kukuza baadhi ya saratani, na kwamba mchango huo haujatenganishwa vya kutosha na unene na sigara kiasi cha kuitwa sababu. Kwa aliyekwisha kupimwa na karatasi ya majibu iko mkononi, asiishie kwenye namba ya matukio kwa saa. Amuulize daktari ni sehemu gani ya usiku oksijeni yake ilikaa chini ya 90, ilishuka hadi wapi, na kama ilishuka sana, mapafu yake yamechunguzwa au bado.